Paul Galvin: Aliyeipatanisha Redio na Motokaa

Ukurasa huu umezoea kuwaleteeni maisha ya magwiji wa ushairi, waimbaji wa taarabu na mabingwa wa lugha. Leo nawaomba ruhusa nipinde njia kidogo, niwasimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa mshairi wala mwimbaji, tena wa mbali, nchi ya Marekani. Hata hivyo, kila aliyepata kupanda teksi au matatu akasikia wimbo njiani, ameonja tunda la mti ambao mtu huyu aliumwagilia maji. Jina lake ni Paul Galvin, na amefariki tangu mwaka 1959.

Kilichonipeleka kwake ni kisa changu mwenyewe, na sina budi kukitanguliza ili mjue nilianzia wapi.

Ninayo motokaa kuukuu iliyotoka Japani kwa meli kama magari yetu mengi. Redio yake ni ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, imekaa katika dashibodi kama kito katika pete. Inashika stesheni na inapiga kaseti, lakini sahani za CD haizijui. Nami ninazo sahani kumi na moja ambazo sizibadilishi kwa dhahabu. Marehemu baba yangu alikuwa akighani mashairi, na katika miaka ya 1980 tulimnasa kwenye kaseti. Kaseti zenyewe zililiwa na unyevu wa bahari na ukungu, ila kabla hazijaharibika zote mpwa wangu aliwahi kuzihamisha sauti zake kwenye sahani. Basi sauti ya baba imebaki mle. Na nyumbani kwangu, kwa wingi wa wajukuu, hapana pahali pa kumsikiliza kwa utulivu. Pahali pangu ni garini, ninapotoka Mombasa kwenda Malindi kwa shughuli zangu za uandishi.

Mpwa wangu alinishauri niing'oe redio ile nzima nitie mpya inayosikilizana na simu. Nikakataa. Redio ile imeshikamana na saa na vitufe vya hewa ya baridi. Ukiing'oa, uso wa gari unabaki na pengo kama kinywa cha kibogoyo. Tena nilikuwa nimesikia kwamba yako masanduku ya kubadilishia sahani, yanayofungwa katika buti la gari na kubeba sahani sita kwa mpigo, na kwamba fundi hodari anaweza kuliunganisha sanduku kama hilo na redio iliyopo bila ya kuigusa sura yake. Nikalitafuta sanduku, nikalipata la mtumba, nikampelekea fundi mmoja wa waya za magari.

Fundi alihangaika. Kwanza aligundua kwamba redio yangu haina tundu la kupokelea sanduku la sahani. Na hata zile zenye tundu, kila kiwanda kina plagi yake na lugha yake, sanduku la huyu halisemezani na redio ya yule. Basi akatumia kijisanduku kingine kidogo kinachoigeuza sauti ya sahani kuwa mawimbi ya FM, kikaingizwa kati ya waya wa eriali na redio, ili redio idanganyike idhani imeshika stesheni. Baba akasikika. Nilifumba macho pale kwenye kiti. Kisha fundi akatia gari moto, na papo hapo ukaingia mluzi mwembamba kama wa mbu, na kila nilipokanyaga mafuta mluzi ulipanda, ukishuka injini hushuka nao, hata ukamfunika baba kabisa. Siku mbili fundi alifungua na kufunga. Mwishoni akaniambia kwa unyonge kwamba vitu hivi havikuzaliwa pamoja, na visivyozaliwa pamoja havikai pamoja.

Neno lile lilinikaa moyoni. Nikajiuliza, ni nani basi wa mwanzo aliyeitia sauti ndani ya motokaa, ilhali motokaa haikuzaliwa nayo, na injini aliinyamazisha kwa hila gani? Kuuliza huko ndiko kulikonifikisha kwa Galvin.

Paul Vincent Galvin alizaliwa tarehe 29 Juni, 1895, katika mji mdogo uitwao Harvard, jimbo la Illinois. Msiuchanganye na chuo kikuu mashuhuri chenye jina hilo, ambacho kiko mbali sana upande wa mashariki. Harvard hii ulikuwa mji wa reli. Treni ziliposimama pale, watoto wa mji walizikimbilia kuwauzia abiria bisi, na Galvin alikuwa mmoja wa watoto hao. Biashara ilimwingia damuni kabla ndevu hazijamwota.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa miaka miwili hivi, asimalize. Vita Vikuu vya Kwanza vikamchukua. Akawa afisa wa kikosi cha mizinga, akapelekwa Ufaransa. Alirudi salama, na mwaka 1920 akamwoa Lillian.

Mwaka 1921 yeye na rafiki yake wa utotoni, Edward Stewart, walifungua kiwanda cha betri katika mji wa Marshfield, jimbo la Wisconsin. Kiwanda hakikudumu zaidi ya miaka miwili. Serikali ilikuja kukifunga kwa deni la kodi. Husimuliwa kwamba Galvin alitoka kwenda kula chakula cha mchana, na aliporudi akakuta mlango umetiwa muhuri, hata koti lake lililokuwa ndani hakuruhusiwa kulichukua. Hebu mfikirieni mtu huyo, ana mke, ana mtoto mchanga aliyezaliwa Oktoba 1922, naye amesimama njiani hana hata koti.

Akahamia Chicago, akapata kazi ya ukatibu kwa tajiri mmoja wa peremende, Emil Brach. Mwingine angaliridhika na mshahara wake. Lakini Stewart alipofungua tena kiwanda cha betri, mara hii Chicago kwenyewe, Galvin akamrudia. Na mwaka 1928 kiwanda hicho nacho kikafilisika, mali yake ikatangazwa mnada. Hii ilikuwa mara ya pili, naye ana umri wa miaka 33.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutulia kidogo. Redio za nyumbani za zama zile nyingi zilikuwa zikitumia betri, nazo betri zilikuwa ghali, tena chafu. Kiwanda kile kilichofilisika kilikuwa kimebuni kijisanduku cha kuiwezesha redio ya betri itumie umeme wa nyumba. Galvin aliamini kwamba kampuni ilikufa lakini kijisanduku ni kizima. Akaenda kwenye mnada wa mali ya kampuni ile ile iliyomwangusha, akainunua biashara ya visanduku kwa dola 750. Tarehe 25 Septemba, 1928, yeye na nduguye Joseph wakaanzisha kampuni yao, Galvin Manufacturing Corporation, wakiwa na wafanyakazi watano na dola 565 za kuendeshea kazi.

Tazameni basi bidhaa yake ya kwanza ilikuwa nini. Haikuwa redio, wala haikuwa umeme. Ilikuwa kitu cha kuvipatanisha viwili visivyozaliwa pamoja. Mwaka huo huo wa 1928, huku kwetu, Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kuitia sauti yake katika santuri. Dunia nzima ilikuwa imeanza kutafuta vyombo vya kubebea sauti.

Kijisanduku nacho kikachuja. Viwanda vikaanza kutoa redio zinazochomekwa moja kwa moja katika umeme, na asiyehitaji mpatanishi hamlipi mpatanishi. Kisha Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na Marekani yote ikaingia katika dhiki. Kampuni ikawa inatengeneza redio za nyumbani kwa ajili ya wafanyabiashara wengine, nao soko liliwaangukia, bei zikashuka mpaka hazilipi. Galvin akaona mauti ya tatu yanamjia.

Ndipo akaisikia habari ya mafundi waliokuwa wakiwafungia matajiri redio katika motokaa zao, moja moja, kwa fedha nyingi. Tuwe waadilifu: Galvin siye aliyebuni redio ya gari. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 wapo waliojaribu, na wapo waliouza. Lakini redio zao zilikuwa kubwa, ghali na zenye kelele. Galvin alijiwekea swali jingine: Je, redio inaweza kutengenezwa ikaingia katika takriban gari lolote, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaifikiria?

Alikuwa nao vijana wawili wenye akili ya kushangaza. Mmoja ni William Lear, fundi wa koili za redio, mzaliwa wa Hannibal, Missouri, mwaka 1902. Wa pili ni Elmer Wavering, kijana wa Quincy, Illinois. Wakaingia kazini, na kila hatua ilikuwa na kizuizi chake.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa nguvu. Betri ya gari la wakati ule ilikuwa ya volti 6 tu, na redio za wakati ule, redio za taa kama tulivyoziita wengine, zilihitaji volti zaidi ya 100 ili zifanye kazi. Kwa hiyo ililazimu kutoboa sakafu ya gari na kutia chini yake masanduku ya betri nyingine. Cha pili kilikuwa eriali. Paa za magari wakati huo zilikuwa na kitambaa katikati, basi mafundi walikifungua kitambaa cha ndani wakatandaza wavu wa waya darini. Cha tatu kilikuwa mtikisiko. Redio ya sebuleni haikuumbwa ibebwe juu ya mashimo.

Lakini kizuizi kikubwa kupita vyote kilikuwa kelele. Injini ya petroli huwaka kwa cheche. Kila plagi inaporusha cheche yake, cheche hiyo yenyewe ni mtambo mdogo wa kurushia mawimbi, na redio iliyo karibu huyapokea kama inavyopokea wimbo. Dinamo inayotia betri chaji nayo hunguruma kwa namna yake. Kwa hivyo injini ilikuwa ikiimba ndani ya redio kwa sauti kubwa kuliko mwimbaji. Wakaivamia kelele moja baada ya moja: kila plagi wakaitilia kizuizi cha kupunguza makali ya cheche, dinamo wakaitilia kondensa ya kumeza mngurumo, nayo redio wakaivika sanduku la chuma. Hapakuwa na dawa moja. Palikuwa na subira ya kutafuta kila kelele inatoka wapi, na kuiendea kwao.

Mwezi Juni 1930 watengenezaji redio wa Marekani walikuwa na mkutano wao Atlantic City, mji wa pwani ya mashariki. Galvin hakuwa na kibanda cha maonyesho. Alikuwa na gari lake aina ya Studebaker, na redio yake ndani. Akaliendesha kutoka Chicago, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, akaliegesha nje ya mkutano, akafungulia sauti, akawaita wapita njia wasikilize. Akarudi na maagizo, machache, lakini ya kutosha kuendelea kupumua.

Kisa kingine husimuliwa sana, nami nakileta kama kinavyosimuliwa. Galvin alihitaji mkopo wa benki, akaona hapana ushahidi bora kuliko kulifungia redio gari la mwenye benki mwenyewe, nalo lilikuwa la fahari, aina ya Packard. Mafundi wakafunga, mwenye gari akaondoka kwa furaha. Haikupita nusu saa gari likashika moto. Mkopo, bila ya shaka, haukupatikana. Akili yangu ilimwendea fundi wangu na unyonge wake. Mluzi tu ulimtoa nguvu. Lau angaliunguza gari la mwenye benki!

Redio ile ya 1930 iliuzwa kwa dola kati ya 110 na 130, wakati Ford mpya ya kawaida ilipatikana kwa dola 500 hivi. Kuifunga kulichukua watu wawili na siku nzima au zaidi. Mwaka ule kampuni ilifunga hesabu kwa hasara. Lakini Galvin alikuwa ameelewa jambo ambalo wengine hawakulielewa: kwamba mteja hanunui redio, ananunua redio iliyofungwa ikanyamaza pale inapotakiwa kunyamaza. Basi kampuni ikaweka vituo vya mafundi waliofunzwa kazi hiyo hasa, ya kuiunganisha redio na gari. Aliiheshimu kazi ya kufunga sawa na kazi ya kutengeneza. Mwaka uliofuata mambo yakaanza kunyooka.

Jina nalo alilitunga yeye. Alichukua neno la motokaa, akaliunga na mkia uliokuwa ukivuma katika majina ya vyombo vya sauti vya siku zile, kama Victrola, ile santuri mashuhuri. Likazaliwa jina Motorola. Kama mshairi nalisifu: hata jina ni la kuunganisha viwili.

Toka hapo kampuni ilipanda. Mwaka 1936 ilitoa redio ya magari ya polisi iliyotegwa kwenye stesheni moja tu. Mwaka huo huo Galvin alitembelea Ulaya pamoja na jamaa zake, akarudi akiwa na yakini kwamba vita viko njiani. Kampuni ikaanza kutafuta redio nyepesi ya askari. Mwaka 1940 ikatoa ile ya kushika mkononi, yenye uzito wa kilo mbili na kitu, na mwaka 1943 ile ya kubeba mgongoni iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Daniel Noble, yenye uzito wa kilo 16 hivi. Zote mbili zilikwenda vitani kwa maelfu.

Lakini fanaka haikumkinga na msiba. Oktoba 1942, kampuni ikiwa katika kilele cha kazi zake, mkewe Lillian aliuawa nyumbani kwao Evanston, karibu na Chicago, pamoja na mtumishi wao wa kike. Miaka miwili baadaye, 1944, akafariki nduguye Joseph, aliyeanza naye safari kwa wale wafanyakazi watano. Mtu aliyezoea kutafuta kila kelele inatoka wapi na kuinyamazisha, alijikuta na kimya ambacho hana kizuizi cha kukitia. Wallahi sehemu hii niliisoma mara mbili. Alioa tena mwaka 1945, akaendelea na kazi.

Mwaka 1947 yalitokea mambo mawili. Kampuni iliacha jina la Galvin ikachukua jina la bidhaa yake, Motorola. Na Galvin akaweka mpango wa kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida. Huenda yule aliyefungiwa koti lake hakumtoka kichwani. Mwaka 1955 kampuni ilileta transista yenye nguvu iliyofaa redio za gari, na pole pole zile redio za taa zenye kutaka volti nyingi zikaanza kuondoka. Kizuizi cha kwanza cha mwaka 1930 kikawa kimemalizika. Mwaka 1956 mwanawe Robert, yule aliyekuwa mtoto mchanga kule Marshfield, alishika urais wa kampuni. Baba akafariki tarehe 5 Novemba, 1959, akiwa na umri wa miaka 64.

Vijana wake wawili hawakukaa bure. William Lear aligeukia ndege, na ndege yake ndogo ya abiria iliruka mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka uliofuata akaleta kaseti nene ya nyimbo za njia nane kwa ajili ya magari, na Ford ikaitia katika magari yake ya mwaka 1966. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi kuchagua wenyewe wimbo wa njiani badala ya kungojea stesheni. Baadaye ikaja kaseti ndogo tuliyoizoea, kisha sahani ya CD iliyotoka Japani mwaka 1982, na masanduku ya buti kama hili langu. Elmer Wavering naye akapanda mpaka kuwa rais wa Motorola, na alikuwa miongoni mwa waliohimiza matumizi ya altaneta katika magari badala ya dinamo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe mluzi uliomfunika baba ulikuwa wa altaneta, na mmoja wa walioileta ni yule yule aliyetoa jasho la ujana wake kuinyamazisha dinamo!

Kampuni yenyewe imezunguka sana. Mwaka 1973 ilionyesha simu ya kwanza ya kubebwa mkononi, na mwaka 2011 ikagawanyika mbili. Lakini hayo ni ya baada yake, nami nilikuwa na mluzi wangu.

Nikarudi kwa fundi. Sikumwendea na lawama, nilimwendea na hadithi ya Packard iliyoungua. Alicheka, akakaa juu ya ndoo yake, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha tukakubaliana tufanye kama wale wa Chicago, tuache kulitazama gari zima, tuitafute kelele kwao. Tukaanzia kwenye waya wa umeme. Alikuwa ameupitisha pamoja na waya wa sauti upande mmoja wa gari, wamelala kitanda kimoja toka mbele hadi kwenye buti. Tukawatenganisha, huyu kulia, yule kushoto. Mluzi ukapungua, haukwisha.

Tukaitazama ardhi, yaani ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi la gari kurudisha umeme. Sanduku la sahani lilikuwa limefungwa ardhi yake kwenye buti, juu ya rangi na kutu. Redio na kijisanduku cha mawimbi vilikuwa na ardhi yao mbele, chini ya dashibodi. Ardhi mbili mbali mbali hazilingani umeme wake, basi tofauti yao hupita ndani ya waya wa sauti na kuimba. Fundi akavuta waya mnene mmoja kutoka kwenye sanduku mpaka mbele, akakwangua rangi kwa msasa hata chuma kikang'ara, akavifunga vyote vitatu kwenye skurubu moja. Akatia na fyuzi katika waya wa umeme, karibu na betri, kwa heshima ya mwenye benki.

Likabaki jambo moja la kwetu. Redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, ndiyo maana magari haya hutiwa kile kidude cha kuyashusha mawimbi. Fundi alikuwa amekiweka kijisanduku cha sahani nyuma ya kidude hicho, upande wa eriali, kwa hivyo mawimbi yake nayo yalishushwa, yakaja yameparaganyika. Tukakihamisha kati ya kidude na redio, tukakitega kwenye 88 na kitu, ambayo redio ya Japani huishika bila ya msaada.

Akatia gari moto. Nikakanyaga mafuta. Injini ilinguruma nje, mahali pake, na ndani hapakuwa na mbu. Baba akaanza kughani, na nyuma ya sauti yake nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu kaseti zile zilipokuwa mpya: mama akiweka vikombe juu ya sinia. Fundi alinyanyuka akajitia kupanga bisibisi zake. Nilimlipa alichotaka na zaidi ya alichotaka.

Sisemi kwamba kila visivyozaliwa pamoja vitapatana. Galvin mwenyewe alishindwa mara mbili kabla ya kufaulu, na viwanda vyake viwili havikufufuka. Nasema tu kwamba fundi wangu alikuwa amewahi kukata tamaa, na mimi nilikuwa nusura nimfuate. Tulikosa kukwangua rangi kidogo tu, upana wa shilingi. Wahenga wetu walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Mimi naongeza kwamba mvumilivu huyo naye sharti ajue ni tawi gani analolitazama.

Juma lililopita nilikwenda Malindi. Toka Nyali mpaka Kilifi nilikuwa na sahani ya kwanza, na nilipolipita daraja la Kilifi sanduku likabadilisha lenyewe kule nyuma, nikaisikia ya pili ikiingia.